Seti ya Tomboy na injini ya dizeli ya cc 0.75: uzoefu wangu Lubumbashi

Niseme mapema: seti hii ya kujenga ndege ndogo ya mfano inastahili pesa yake, hata ukiongeza gharama ya kuifikisha Lubumbashi, ambayo kwangu ilikaribia bei ya boksi lenyewe. Ninachoilaumu ni karatasi ya maelekezo. Inakufundisha kujenga vizuri sana, kisha inakuacha uwanjani na mistari michache tu kuhusu kuisawazisha ndege, wakati hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye gundi na mbao, nikae zaidi kwenye kurusha, hasa kurusha huku kwetu juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari.

Tomboy ilisanifiwa na Mwingereza Vic Smeed, na ramani yake ikachapishwa Uingereza mwaka 1950. Bawa lina inchi 36, yaani sentimita 91 kutoka ncha hadi ncha, limekaa juu ya kiwiliwili, na pua imepangwa kwa injini ndogo ya dizeli kama ile iitwayo Mills, ya cc 0.75. Mwaka huo una uzito kwa wapenzi wa ndege za kale: Waingereza huhesabu kuwa za kale zile zilizosanifiwa hadi mwisho wa 1950, kwa hiyo Tomboy iliingia ukingoni kabisa. Ni ndege ya kuruka huru. Haina redio, haina kamba, haina mtu wa kuiongoza. Unawasha injini, unaiachia, inapanda kwa sekunde chache, mafuta yanakwisha, kisha inazunguka ikielea hadi chini. Mzee mwenye shamba tunakorushia aliniuliza, "Mwanangu, sasa ile inaongozwa na nani?" Nikamjibu, "Papa, hakuna. Iliongozwa nyumbani, mezani." Hakuridhika. Alizidi kuitazama mikono yangu mpaka ndege ikatua.

Ndani ya boksi mna mbao za balsa zilizokatwa kwa leza, fito, vipande vya plaiwudi, waya wa miguu, na ramani ya ukubwa kamili ya kutandaza mezani. Hamna karatasi ya kufunikia, magurudumu, gundi wala propela. Hilo lilipaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, maana mtu wa London atatembea hadi dukani, lakini mtu wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, ataagiza mzigo wa pili na kulipa usafiri upya. Ukataji wenyewe ni safi mno. Mbavu zote za bawa ukizibana pamoja zinalingana, na kila tundu linapokea ufito wake bila kulazimishwa. Kingo zilizoungua na leza zipitishie msasa laini kabla ya gundi, kwa sababu ile ngozi nyeusi inazuia gundi kushika.

Mbao ndizo zilizonipa kazi. Balsa nyingi duniani hutoka Ekwado, na hata ndani ya gogo moja uzito hutofautiana sana. Katika seti yangu ufito wa mbele wa bawa la kushoto ulikuwa mgumu na mzito, wa kulia laini na mwepesi. Ukizijenga hivyo, ndege itaegemea upande mmoja kabla haijaruka. Nilitumia mizani ndogo ya kupimia dhahabu, nikapima kila kipande na kukiandika gramu zake kwa penseli, kisha nikabadilisha ufito mmoja kwa mwingine wa akiba. Mbao nyepesi kuliko zote peleka mkiani. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito (pale ndege inapolingana ukiibeba) kuliko pua, kwa hiyo gramu moja ya ziada huko nyuma itakudai gramu mbili au tatu za madini ya risasi huku mbele, na hizo zote bawa litazibeba bure.

Gundi ya kawaida ya maseremala inatosha. Kwa kufunika nilitumia karatasi nyembamba ya hariri, nikaipaka vanishi ya selulosi iliyozimuliwa kwa thina nusu kwa nusu, ile wanayouza kwa mafundi wa rangi za magari. Hapa hali yetu ya hewa ina mambo yake. Msimu wa mvua vanishi hiyo hugeuka nyeupe kwa unyevu. Kiangazi inakauka upesi mno, karatasi inavuta kwa nguvu na bawa linapinda. Dawa yake ni kulibana bawa juu ya ubao bapa kwa pini, na vipande vidogo chini ya kingo, mpaka litulie kabisa. Likipinda hata hivyo, mvuke wa sufuria juu ya mbabula (jiko la mkaa) unalilegeza. Unalishika kinyume cha upindo mpaka lipoe. Kagua tena asubuhi ya kurusha, kwa sababu upindo una tabia ya kurudi usiku wa baridi.

Injini niliinunua kwa muuzaji mwingine: nakala mpya ya Mills. Watu wengi wakisikia dizeli wanafikiria lori. Hii haina plagi wala betri. Etha iliyomo ndani ya mafuta huwaka yenyewe kwa joto la kubanwa, na juu ya silinda kuna skrubu ya kuongeza au kupunguza mbano injini ikiwa inaendelea kuzunguka. Una vidhibiti viwili tu, skrubu hiyo na sindano inayopima mafuta yanayoingia, nawe unajifunza kusikiliza. Nakala yangu ilifika ikiwa ngumu, ikahitaji kuzungushwa kwa vipindi vifupi, mafuta yakiwa mengi, mpaka ikalainika. Sindano ililegea kwa mtetemo. Kipande cha mpira wa mafuta kilichovikwa kwenye nyuzi za skrubu yake kiliituliza. Baada ya hapo imekuwa injini ya kuaminika, na mlio wake mnene ukitoka kwenye kitu kidogo namna ile unafurahisha moyo.

Mafuta hayasafirishwi kwa ndege, kwa hiyo lazima uchanganye mwenyewe: theluthi moja etha, theluthi moja mafuta ya taa, theluthi moja mafuta ya mbono. Injini nyingine za dizeli huongezewa asilimia 1 au 2 ya nitrati ya kuharakisha mwako, lakini hii ya mwendo wa taratibu inakwenda vizuri bila hiyo. Mbono upo kwenye maduka ya dawa. Etha tafuta ya maabara, kwa wanaouza kemikali. Usijaribu zile dawa za kupuliza za kuwashia lori, kwa sababu zina viungo vingine na hujui etha ni kiasi gani. Na tafadhali, changanya nje, mbali na mbabula, mbali na sigara. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kufuata moto uliko.

Sasa kurusha. Maelekezo ya seti yameandikwa na mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari. Huku kwetu, siku ya nyuzi 25, hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ile hewa ya vitabuni. Injini inavuta hewa kidogo zaidi, kwa hiyo inataka mafuta kidogo zaidi: funga sindano kidogo, ongeza mbano kidogo. Nguvu inapungua, na propela inapata hewa nyembamba ya kushika. Ndege nayo inaelea kwa kasi zaidi kidogo, kwa sababu bawa linahitaji mwendo ili libebe uzito uleule. Kitovu cha uzito hakibadiliki. Kiweke pale ramani inapoonyesha, usisogeze kwa sababu ya mwinuko.

Utaratibu ninaoufuata una kanuni moja ambayo karatasi ya maelekezo haikuitaja: tabia ya kuelea irekebishe mkiani, tabia ya kupanda irekebishe kwa pembe ya injini. Usichanganye. Anza kwa kurusha kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, juu ya majani marefu, asubuhi upepo ukiwa haujaamka. Isukume mbele kwa mwendo wake wa kawaida, pua imeinama kidogo, usiitupe. Ikiinua pua, ikasita, ikadondoka, kisha ikainua tena, weka kipande cha mbao cha nusu milimita chini ya ukingo wa mbele wa mkia wa ulalo. Ikichomoka kuelekea chini, weka chini ya ukingo wa nyuma. Badilisha kitu kimoja, rusha, andika. Mzunguko wa kuelea nilioutaka ni mpana, wa kulia. Niliupata kwa kuinua kidogo ncha ya kulia ya mkia wa ulalo, kwa kuwa ndege huzunguka kuelekea upande ambao mkia umeinuliwa. Ni njia salama kuliko kukunja usukani wa mkia wa wima, kwa sababu usukani unauma vikali zaidi kasi inapoongezeka, na injini ikiwaka kasi ipo.

Kisha injini, ikiwa dhaifu kwanza. Punguza mbano mpaka igugumie, tia mafuta ya sekunde chache tu kwa bomba la sindano ya hospitali, achia. Propela inayozunguka kulia ukiitazama kutoka nyuma huisukuma ndege ilale kushoto, na mzunguko wa kushoto ukibana ndio unaoua ndege hizi: pua inashuka, kasi inapanda, duara linabana zaidi, hadi ardhini. Ukiona duara linaanza kubana, elekeza injini kulia kwa kipande chembamba nyuma ya mkono wake wa kushoto wa kufungia. Ikitaka kujipindua nyuma kwa kuinua pua, elekeza injini chini. Ongeza nguvu hatua kwa hatua, na kila hatua mpya uwe umeiamini ile ya kabla. Yangu sasa inapanda kushoto kwa duara pana, injini inazimika, inatikisika mara moja, kisha inageukia kulia na kuelea. Ule mgeuko, siku ulipotoka sawa kwa mara ya kwanza, ulinifanya nipige kelele shambani.

Muda wa injini unaupima kwa mafuta. Funga injini kwenye benchi, tia mililita moja, hesabu sekunde, na utajua kiasi cha kutia kwa sekunde 20. Bila hilo ndege itavuka barabara ya Kipushi uitazame.

Jambo la mwisho ambalo seti inalieleza kwa namna isiyofaa Katanga ni kifaa cha kuishusha. Ndege huru ikiingia kwenye hewa ya moto inayopanda, haishuki. Tangu zamani wajenzi wameweka utambi unaowaka polepole. Moto wake ukifika kwenye kamba ya mpira inayoushika mkia unaikata, mkia wa ulalo unainuka hadi nyuzi kama 40, na ndege inashuka wima taratibu. Mimi nakataa utambi wa moto hapa kati ya Juni na Oktoba. Majani ni makavu, mashamba ya watu yako pale, na kijinga kimoja cha moto kikidondoka kinatosha. Nimetumia mtambo wa kujaza kwa ufunguo uliotolewa kwenye mwanasesere wa sokoni: unajifungua polepole, unaachia pini, mkia unainuka. Ni mwepesi, ni wa bei ndogo, na wajenzi wa nchi nyingine wamekuwa wakitumia mitambo ya aina hiyo kwa muda mrefu. Ili uweze kufanya hivyo, mkia ushikwe kwa mipira, usiugundishe. Na kifaa hiki si cha hiari. Septemba, sehemu zilizochomwa zina ardhi nyeusi inayopata joto mapema, na kufikia saa tatu au saa nne asubuhi hewa inapanda kutoka pale kwa nguvu za ajabu.

Kuhusu uwanja: mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa ndiyo bora. Kaa mbali kabisa na upande wa Luano, ndege za abiria zinashuka huko. Mweleze mwenye shamba na mkuu wa mtaa kabla, waonyeshe kwamba haina kamera. Andika juu ya bawa namba ya simu na ombi la kuirudisha, kwa Kiswahili na Kifaransa. Wabeba makala (mkaa) wa baiskeli wamenirudishia ndege ikiwa nzima. Adui mkubwa ni vichuguu. Vile vikubwa vya huku vina miti juu yake, na ndege inayoelea haioni. Bawa langu liligonga kimoja, mipira ikaachia, bawa likaruka pembeni bila kuvunjika. Ndiyo maana linashikwa kwa mipira, na ndiyo maana usiongeze mipira mingi ukidhani unaimarisha.

Ukiagiza, agiza mara moja pamoja na propela tatu za inchi 8 kwa 4 (urefu wa inchi 8, na msogeo wa inchi 4 kwa kila mzunguko), karatasi ya kufunikia, magurudumu na fito za akiba, na umwandikie muuzaji akupimie fito za mbele za bawa ziwe jozi. Wangu alinijibu vizuri nilipomweleza kuhusu ule mzito, akanitumia mwingine pamoja na mzigo wa rafiki yangu. Huyo rafiki naye amejenga yake, ya pili Lubumbashi kwa ninavyojua mimi, na ameanza kuirusha kwa mkono.