Dawa mseto ya malaria: tathmini ya vidonge 24 vya artemetha na lumefantrini

Nimetumia dawa mseto ya artemetha na lumefantrini mara mbili, zote baada ya kipimo cha damu kuonyesha vimelea vya malaria, na mara zote mbili nilipona. Naisifu bila kusita. Hata hivyo, ni dawa inayomtaka mgonjwa awe makini kuliko anavyodhani anapokabidhiwa pakiti.

Mtu mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi hunywa vidonge vinne kwa mkupuo, mikupuo sita ndani ya siku tatu. Watoto hupunguziwa idadi kulingana na uzito wao. Mkupuo wa pili hufuata muda wa saa 8 baada ya wa kwanza, kisha mgonjwa hunywa asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mimi nilianza saa nne asubuhi, na maelezo yaliyoandikwa “baada ya saa 8” nusura yanifanye ninywe mkupuo wa pili saa nane mchana badala ya saa kumi na mbili jioni. Kwa msomaji wa Kiswahili mwenye homa kali, maneno hayo yana utata wa kweli, na ningependa kila mfamasia aandike kwenye pakiti saa yenyewe ya kunywa.

Jambo la pili ni chakula. Lumefantrini hufyonzwa vizuri mwilini inapoandamana na mafuta, kwa hiyo anayemeza vidonge tumbo likiwa tupu hupata sehemu ndogo tu ya dawa aliyopewa. Kichefuchefu kilinizuia kula, lakini glasi ya maziwa ilitosha. Anayetapika ndani ya saa moja hurudia mkupuo huo, na inafaa arudi kuomba vidonge vya kufidia ili dozi isipunguke mwishoni.

Siku ya pili homa ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo kishawishi cha kuacha kilipokuwa kikubwa. Artemetha huua vimelea vingi kwa haraka lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hukaa kwa siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Anayeacha katikati kwa sababu amepata nafuu huviacha vimelea hivyo hai, na vidonge alivyovihifadhi kwa ajili ya homa nyingine havitamtosha yeye wala mtu mwingine.

Kizunguzungu na uchovu nilivipata, navyo viliisha vyenyewe. Mwenye tatizo la mapigo ya moyo, au anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, amweleze mtoa huduma kabla ya kumeza chochote, na mjamzito aseme kuwa ana mimba.

Kosa ninalolisikia mara kwa mara, na linaloniumiza, ni kunywa dawa hii kama kinga kabla ya safari. Kinga ina dawa zake. Atovakoni na proguanili hunywewa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo lenye malaria hadi siku 7 baada ya kuondoka. Doksisaiklini huanza vivyo hivyo lakini huendelea kwa wiki 4 baada ya kuondoka, wala haipewi wajawazito au watoto wa chini ya miaka 8. Meflokwini hunywewa mara moja kwa wiki, na haimfai mwenye kifafa au aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili. Hakuna kati ya hizo inayokinga kwa asilimia 100, hivyo chandarua kiendelee kutumika, na homa ikitokea mtu apimwe hata kama hakukosa kidonge hata kimoja.

Vidonge hivi pia vina mpaka wake. Mgonjwa aliyepata degedege, anayechanganyikiwa, anayepumua kwa shida au anayetapika kila anachokunywa anahitaji sindano ya artesuneti, na apelekwe hospitalini saa hiyohiyo.