Simu ya WhatsApp inachelewa? Rauta ninazozipanga mbele, na foleni ambayo muuzaji hataji

Malalamiko yanayonijia kutoka Kisumu, Kakamega na Busia yanafanana mno. Unasema halo, kimya. Unasema halo tena, na hapo hapo halo ya mwenzako inaingia, mnagongana. Mnaanza "sema wewe", "hapana, sema wewe", hadi bando linaisha hamjaambiana kitu. Mama mmoja wa Migosi ana mume Doha. Ameniambia siku hizi kila mmoja akimaliza kusema hutamka "nimemaliza" ndipo mwingine aanze. Ndoa nzima inaendeshwa hivyo.

Na karibu wote wamejaribu dawa ileile: wameongeza kifurushi. Waliokuwa na megabiti 10 wamekwenda 20, waliokuwa na 20 wamekwenda 40, na kuchelewa kumebaki palepale. Wakichoka wanateremka mjini, wanauziwa rauta yenye antena sita, wanarudi nayo Manyatta, Mamboleo au Riat, na ikifika jioni ni "halo? halo?" vilevile.

Kwa hiyo humu sitaeleza antena. Sitaeleza kasi iliyoandikwa kwenye boksi wala rauta inafika hadi chumba cha ngapi, hayo kila muuzaji anayajua kwa moyo. Ninapanga rauta kwa swali moja tu: laini ikijaa, inafanya nini na sauti yako?

Sauti ya simu ya intaneti ni kitu chepesi. Hukatwa vipande, mara nyingi vya milisekunde 20 kila kimoja, yaani pakiti 50 kwa sekunde. Kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya zamani ya G.711 hutaka kilobiti 64 kwa sekunde ukiacha anwani za pakiti, na Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2012 na ambayo WhatsApp imeitumia kwa miaka, hutosheka na chini ya hapo. Laini ya megabiti 10 inaweza kubeba simu za ploti nzima.

Sasa tazama kinachoendelea nyumbani wakati huo unapopiga. Simu ya kijana inapandisha picha Google Photos, msichana anatuma video ya harusi ya Jumamosi, kamera ya getini inapeleka rekodi zake. Rauta ikiletewa data nyingi kuliko laini inavyoweza kutoa, haikatai. Inaipokea yote, inaipanga ndani ya kumbukumbu yake, isubiri. Piga hesabu: foleni ya kilobaiti 256 kwenye laini inayopakia kwa megabiti 1 kwa sekunde huchukua sekunde 2 kuisha. Kwenye laini ya megabiti 5, ni kama milisekunde 400. Pakiti yako ya "halo" imeingia nyuma ya hiyo foleni, kama boda boda yenye mgonjwa iliyokwama nyuma ya trekta za miwa njia ya Chemelil. Boda haina kosa, ila mbele kuna trekta na hakuna wa kuisogeza.

ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114 linasema sauti ikichukua hadi milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu wengi hawahisi tabu. Likataja 400 kuwa kikomo cha kupangia mitandao. Mwanga ndani ya fiba hukimbia kilomita 200 hivi kwa kila milisekunde, kwa hiyo kutoka Kisumu hadi Mombasa, zinakoingilia kebo za baharini kama TEAMS, SEACOM na EASSy, ni milisekunde nne au tano tu. Msiwasikilize wanaosema eti "huku kwetu tuko mbali na intaneti". Ukipiga simu Marekani, umbali wa huko ndio unaokula sehemu kubwa ya ile 150, na huo hauna rauta ya kuufupisha. Ndiyo maana hatuna milisekunde za kuchezea nyumbani.

Kabla ya kutoa shilingi yoyote, jipime. Fungua fast.com kwenye simu, iache imalize, kisha bonyeza pale pa kuonyesha maelezo zaidi. Utaona namba mbili za ucheleweshaji: laini ikiwa tupu na laini ikiwa na mzigo. Ukiona milisekunde 30 tupu na 45 chini ya mzigo, rauta yako haina shida, tatizo liko kwingine, na pesa yako ibaki mfukoni. Ukiona 30 tupu na 600 chini ya mzigo, endelea kusoma. Pima saa mbili usiku watu wote wakiwa nyumbani. Ukipima saa nne asubuhi watoto wako shule utajidanganya.

Dawa ya foleni ilishapatikana. Wahandisi wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, kanuni ya kusimamia foleni ya rauta, mwaka 2012, ikazaa FQ-CoDel, kisha ikaja CAKE. Kazi yao ni kuzuia foleni isirefuke na kuitenganisha mikondo ya data, ili simu yako isisubiri video ya mtu mwingine iishe. Programu zenyewe ni za bure. Kwa hiyo unaponunua rauta, swali ni hili: ina CAKE au FQ-CoDel ninayoweza kuiwasha? Boksi likiandikwa QoS (yaani "ubora wa huduma"), usifurahi haraka. Mara nyingi hiyo ni orodha ya kuchagua kifaa kipi kitangulie, na foleni yenyewe haijaguswa.

Ya kwanza: MikroTik hAP ax²

Sitajificha, mimi ni mtu wa MikroTik. Ni kampuni ya Latvia, na vifaa vyake ndivyo mafundi wengi wa Wi-Fi za mitaani wanavyovijua, kwa hiyo hata ukikwama kuna kijana jirani wa kukukwamua. hAP ax² ina Wi-Fi 6 ya mikondo miwili, milango mitano ya gigabiti, na RouterOS 7, programu ya MikroTik yenyewe, ambayo ina CAKE na FQ-CoDel ndani yake bila kuongeza chochote. Kwa laini za nyumbani za huku kwetu, haitoi jasho.

Lakini ukiichomeka tu ukaiacha, hutaona tofauti, na hapa ndipo watu huirudisha dukani wakisema nimewadanganya. Ingia 192.168.88.1 kwenye kivinjari (nywila kwa vifaa vipya imebandikwa mgongoni). Nenda IP, Firewall, Filter Rules, utafute mstari ulioandikwa "defconf: fasttrack", uuzime. Mstari huo hupitisha data kwa njia ya mkato isiyopita kwenye Simple Queues, kwa hiyo ukiuacha, foleni yako mpya haimpangi mtu. Kisha Queues, Queue Types, ongeza aina mpya ya "cake". Mwisho tengeneza Simple Queue moja inayolenga bridge (kundi la milango na Wi-Fi ya ndani), uichagulie hiyo cake kwa kupakia na kupakua.

Kikomo cha kasi weka asilimia 85 hadi 90 ya kile ulichopima. Ndiyo, unajipunguzia kasi kwa mkono wako mwenyewe, na mabwana wengi wa nyumba hukataa papo hapo. Waambie hivi: usipopunguza, foleni itajipanga ndani ya kisanduku cha kampuni ya intaneti, ambacho huna ruhusa nacho. Ukipunguza kidogo, foleni inahamia kwako, unaisimamia wewe.

Na jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: zima Wi-Fi ya kile kisanduku cha fiba ulicholetewa. Ukiiacha, watoto wataendelea kuunganishwa huko kwa nywila ya zamani, na mashine ya CCTV itabaki imechomekwa huko, na mzigo wao wote utapita pembeni mwa rauta yako ya bei ghali. Kila waya uhamie kwenye rauta mpya. Kila mmoja.

Ya pili: GL.iNet Beryl AX

Hii hutoka kiwandani na programu iliyojengwa juu ya OpenWrt, programu ya bure ya rauta, na unaweza kuiongezea SQM (usimamizi wa foleni), ambayo huiendesha CAKE na ina ukurasa wa kuandika namba mbili: kasi ya kupakua na ya kupakia. Kwa asiyetaka kuona menyu za MikroTik, hii ni rahisi zaidi, lazima nikiri. Inatumia waya wa USB-C. Nimeiweka ya pili kwa sababu ina mlango mmoja tu wa waya kwa ajili ya vifaa vya ndani, na kwa sababu kuipata dukani magharibi ni kubahatisha. Ukiagiza Nairobi ikaletwa na kampuni ya basi, hakikisha ni Beryl AX ndani ya boksi, maana majina ya rauta za kampuni hiyo yanafanana.

Ya tatu: MikroTik hAP ax lite

RouterOS ileile, CAKE ileile, ila Wi-Fi yake ni ya 2.4GHz peke yake. Kwenye ploti ya vyumba ishirini ambako kila mlango una Wi-Fi yake, 2.4GHz ni vurugu, na pakiti za sauti zitarudiwarudiwa hewani kabla hazijafika hata kwa rauta. Lakini kwa nyumba iliyojitenga, tuseme Kiboswa au Maseno, inatosha kabisa. Na ina raha moja: inakula volti 5 kupitia USB-C, kwa hiyo stima ikipotea unaichomeka kwenye pawabanki. Kisanduku cha fiba nacho kitataka umeme wake, usisahau, na mvua za huku na radi zake tunazijua.

Zilizobaki

TP-Link Archer C7 ikiwa mkononi mwa mtu anayeweza kuibadilishia programu iwe OpenWrt, sawa. Bila hivyo, hapana. Rauta za bei ya chini za antena nne au sita: ruka. Vile vidude vya kuchomeka ukutani eti kusukuma Wi-Fi mbele: vingi hupokea na kutuma kwa redio ileile, vinaongeza kuchelewa. Vipokea sauti vya waya badala ya Bluetooth: nunua, ni bei rahisi na vinakupunguzia milisekunde kadhaa, hilo halina mjadala.

Wa pande za Bondo, Mbita na kwingine ambao fiba haijawafikia wameniuliza kuhusu Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023. Setilaiti zake ziko kama kilomita 500 hivi juu. Setilaiti za intaneti ya zamani, zisizo za Starlink, ziko kilomita 35,786, na sauti kupanda na kushuka mara moja tu hula karibu milisekunde 240, umeshapita ile 150 ya ITU kabla hujasema jina lako. Kwa hiyo ndiyo, kwa simu ni bora mara nyingi. Ila kasi yake hupanda na kushuka, kwa hivyo kikomo cha CAKE kiweke chini kuliko unavyopenda, na ujue kwamba seti za kizazi cha pili hazina mlango wa waya hadi ununue adapta yake kando.

Sasa wauzaji. Niliingia duka moja mjini Kisumu nikamuuliza kijana kama rauta iliyo kwenye rafu ina SQM. Akageuza boksi, akanionyesha picha ya joka linalotema moto, akasema, "Mathee, hii ni ya gaming, haiwezi kukuangusha." Nikamuuliza ikijaa inafanya nini. Akasema haijai. Mwingine aliniuzia maneno kwamba antena mbili za mbele ni za sauti na za nyuma ni za video, na alikuwa hacheki.

Wa mitandaoni ni balaa zaidi. Picha nzuri, maelezo mazuri, bei "njoo inboksi". Ukifika inboksi unaulizwa uko wapi. Ukisema Milimani, bei ni ya Milimani. Ukikubaliana naye, unaambiwa hiyo ilikuwa kabla ya VAT, ongeza asilimia 16, na ukimuomba risiti ya hiyo VAT uliyolipishwa anakuwa haonekani mtandaoni hadi kesho kutwa. Andikeni bei. Sukari ina bei, unga una bei, hata samaki wa Dunga ukiuliza unatajiwa pale pale mbele ya wateja wengine. Rauta ina siri gani?

Na tafadhali msikubali maneno ya "hii ni MikroTik, zote ni sawa" mkiuziwa hAP lite ya zamani kwa bei ya ax lite. Ile ya zamani ina megabaiti 32 za kumbukumbu, na RouterOS 7 huibana hadi ikakosa pumzi. Soma jina lote lililoandikwa chini ya kifaa, herufi "ax" ziwepo, kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa.

Anayetaka nimwandikie mipangilio yake aniambie mambo mawili: laini yake ni ya aina gani, na kasi ya kupakia aliyoipima mwenyewe saa mbili usiku. Ile iliyoandikwa kwenye tangazo la kampuni msinitumie.