Fomu ya dukani ya mkataba wa nyumba: inafaa, ila kifungu cha kodi kisomwe mara mbili

Fomu za mkataba wa kupangisha nyumba zinauzwa kwenye maduka ya fotokopi, Unguja na Pemba. Karatasi mbili tu: majina, namba za vitambulisho, kiasi cha kodi, muda, sahihi za pande mbili na mashahidi. Kwa mtu anayepanga chumba na ukumbi Fuoni au Mwanakwerekwe, inatosha. Wengi bado wanapanga kwa mdomo, na kwa hao fomu yoyote ni afadhali.

Ubovu wake uko kwenye kodi. Zipo zenye mstari unaosema kodi "inaweza kubadilika wakati wowote". Ukiusaini, umeshampa mwenye nyumba ruhusa ya kukupandishia hata mwezi wa pili. Mstari huo usipokuwepo, mkataba wa muda maalumu unamfunga na yeye: kodi iliyoandikwa ndiyo hiyo hiyo mpaka tarehe ya mwisho. Tuseme umelipa 1,200,000 kwa miezi sita, yaani 200,000 kwa mwezi. Mwezi wa tatu ukiisha anakuja kusema nyumba sasa ni 250,000, hivyo umuongeze 150,000 kwa miezi mitatu iliyobaki. Deni hilo huna. Muda ukimalizika ni habari nyingine: anaweza kutaja bei mpya, na wewe ukakubali, ukapatana au ukahama.

Dawa ni kalamu. Kateni mstari huo kwenye nakala zote mbili, kila mmoja atie sahihi pembeni ya palipokatwa, kisha muandike: "Kodi haitabadilika hadi mkataba uishe. Mwenye nyumba akitaka kuibadilisha baada ya hapo, atatoa taarifa ya maandishi miezi miwili kabla." Mwezi mmoja ni mdogo mno kwa mpangaji anayetakiwa kukusanya kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na juu yake ujira wa dalali.

Muda nao mara nyingi hujazwa "miezi sita" basi. Wekeni tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kiasi cha kodi kwa tarakimu na kwa maneno. Ukiendelea kukaa baada ya mkataba kwisha bila kuandikiana upya, nyongeza ikija utakosa karatasi ya kuonyesha.

Angalia pia fomu zilizonakiliwa kutoka Bara. Zinazotaja Sheria ya Ardhi ya 1999 hazikufai, kwani sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake. Futeni rejea hiyo, msiiache kama pambo.

Fomu haisemi lolote kuhusu maji, umeme, usafi na ulinzi. Nyongeza huingia kwa mlango huo: kodi imebaki pale pale, lakini ghafla kuna "mchango wa maji" wa kila mwezi. Andikeni nani analipa ZAWA (mamlaka ya maji), nani ananunua umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla), na kama mita mnachangia, mgao wake ukoje.

Fomu ikiwa na nafasi ya sahihi ya sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yenu, ni jambo zuri. Anawajua nyote wawili, na sahihi yake inathibitisha kwamba mkataba ulikuwepo. Haithibitishi kwamba kodi ni ya haki. Hilo watu hulichanganya sana.

Ugomvi ukizuka, usiache kulipa kodi ya zamani kwa hasira, maana hapo utakuwa wewe ndiye uliyevunja mkataba. Lipa kwa simu au benki ili kumbukumbu ibaki. Ukilipa taslimu, dai risiti yenye tarehe na miezi inayolipiwa. Akikataa kupokea, mwandikie barua kwamba kodi iko tayari, umpelekee mbele ya shahidi na ubaki na nakala. Sheha akishindwa kuwapatanisha, chukua mkataba, risiti na barua uende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar au kwa msaidizi wa sheria aliye karibu nawe, kabla ya kutoa hata kiti nje.