Kitalu cha miche cha Forest ya Zamani, Mbeya: muuzaji anayekutuma kwanza ukaangalie miti

Nilifika katika kitalu hiki cha kando ya barabara mwishoni mwa mwezi Oktoba, nikikusudia kununua mche mmoja wa mjakaranda, nikaondoka mikono mitupu. Mzee anayekitunza aliniuliza uwanja wangu una ukubwa gani, shimo la maji taka liko wapi, na majirani zangu wamepanda nini. Nami, niliyekwisha kuishi mtaa ule kwa miaka 6, nilishindwa kumtajia hata miti mitatu. "Basi nenda ukaiangalie kwanza, mwanangu, kisha urudi," alisema, akaendelea kumwagilia.

Jioni ile nilitembea mtaani kwangu taratibu kama mgeni. Migrevilea, ambayo asili yake ni Australia na ambayo siku zote niliihesabu kuwa sehemu ya uzio tu, ilikuwa na majani yaliyochanika-chanika, upande wa chini yaking'aa kama fedha kila upepo wa mlima Loleza ulipoyapindua. Mijakaranda, iliyoletwa kutoka Amerika Kusini, ilikuwa imetangulia kuchanua kabla ya kutoa majani mapya, na chini ya mmoja wao mama mmoja alikuwa akifagia maua ya zambarau kwa uso usioonyesha kuvutiwa nayo hata kidogo. Karibu na mfereji niliukuta mringaringa wenye majani mapana, mti wa asili ya Afrika ambao mbao zake husifiwa na maua yake hupendwa na nyuki. Nilikuwa nikiupita kila asubuhi nikienda kazini.

Niliporudi kitaluni, mazungumzo yalikuwa mengine kabisa. Mzee alinishauri niache mjakaranda, kwa kuwa uwanja wangu ni finyu, akanipa mparachichi wa kubebesha, yaani uliounganishwa kitawi cha mparachichi mwingine kwenye shina lake, akieleza kwamba huo huanza kuzaa mapema kuliko ule uliooteshwa kwa mbegu, kwamba mahali ulipobebeshwa pasifukiwe na udongo, na kwamba kiriba, yaani mfuko wa plastiki unaobeba mche, sharti kichanwe na kuondolewa chote wakati wa kupanda. Alinitaka pia nisubiri mvua zishike. Mteja aliyenitangulia alikuwa ameulizia mnazi, na kwa upole akaambiwa kwamba katika jiji lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, lenye baridi ya Juni na Julai tunayoijua sote, angetupa fedha yake.

Kasoro zipo. Bei hazijaandikwa popote, hivyo mtu asiyezoea kupatana atalipa zaidi. Mimi nililipa shilingi 5,000, na mwenzangu alipata mche kama huo kwa 4,000. Miche michanga haina vibandiko vya majina, jambo lililonifanya niuziwe na kijana msaidizi mche niliodhani ni mringaringa, kumbe sio. Mzee aliubadilisha bila ubishi, lakini safari mbili za bajaji sikurudishiwa.

Anayetaka kununua haraka na kuondoka atachoshwa na maswali ya hapa. Mparachichi wangu umeshika vizuri na umeanza kutoa majani mapya. Mjakaranda sikuununua hadi leo. Wa jirani hudondoshea maua yake upande wangu wa ukuta, na siku hizi mwenye ufagio ni mimi.