Dalia za kupeleka Ngongo: tathmini ya aina kwa mkulima wa maua wa Mtwara

Mtu anayelima dalia Mtwara kwa nia ya kuzionyesha katika maonyesho ya wakulima ya Nanenane, katika viwanja vya Ngongo mjini Lindi, huchagua aina zake chini ya masharti mawili ambayo katalogi za wauzaji hazimtajii. Sharti la kwanza ni urefu wa mchana. Asili ya dalia ni nyanda za juu za Meksiko na Amerika ya Kati, lakini aina nyingi tunazoziona kwenye picha zimezalishwa Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, ambako mmea hukua katika majira ya joto yenye mchana mrefu, kisha huchanua mchana unapoanza kupungua. Sisi tulio karibu na nyuzi 10 kusini mwa ikweta hatuna mchana mrefu wa namna hiyo, na kati ya Aprili na Agosti, yaani miezi ileile ambayo dalia ya Nanenane inapaswa kukua, mchana wetu huwa chini ya saa 12, na mwezi Juni hushuka hadi karibu saa 11 na nusu. Mchana mfupi huusukuma mmea kupeleka nguvu kwenye viazi vyake vya ardhini, na maua huanza kufunua kitovu cha njano mapema, kasoro ambayo katika ua la petali nyingi huonekana mara moja na kila mwamuzi anayeijua dalia. Sharti la pili ni upepo wa kusi, ambao huvuma kwa nguvu Juni na Julai na kuvunja kila kikonyo kilichobeba uzito usiolingana nacho.

Aina ninazozieleza hapa nimezipanda katika bustani ya Mtwara mjini, kwenye udongo wa kichanga uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na baadhi zimepandwa pia kwa ndugu zangu Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako usiku ni wa baridi kuliko pwani. Nimezipima kwa mambo matatu: kitovu kinabaki kimefungwa au la, kikonyo kinasimama au kinainama, na ua linafika Lindi likiwa zima au limechubuka.

Nianze na zile zinazovutia wanunuzi wengi, yaani dalia kubwa. Kelvin Floodlight, ya njano, ni ya kundi la maua yanayofikia upana wa sentimita 25 na zaidi, na Café au Lait, yenye rangi ya krimu inayoelekea waridi, hupendwa mno kwa harusi. Yote mawili ni maua mazuri, wala sitaki kumvunja moyo anayeyataka kwa ajili ya bustani ya nyumbani kwake. Kwa maonyesho yetu, hata hivyo, siyapendekezi. Yanahitaji miezi mitatu na nusu hadi minne ili kuchanua, kwa hiyo lazima viazi viingie ardhini mvua zikiwa bado nzito, wakati ambao huoza kwa urahisi. Ili ua lipate upana wake, mmea hubakizwa vikonyo vichache, vitatu hadi vitano, na matumba ya pembeni huondolewa yote. Kusi kikivunja viwili, mkulima amepoteza nusu ya mazao yake. Café au Lait ina tatizo jingine, kwamba rangi yake hubadilika kati ya ua na ua hata katika mmea mmoja, hivyo kupata maua matatu yanayofanana kwa chombo kimoja ni kazi ngumu. Pwani kwetu rangi hiyo hupauka kwa joto. Newala ilitoka vizuri zaidi, lakini petali zake za nyuma zilikuwa zimekwisha kuchubuka kabla gari halijamaliza kuteremka kutoka uwandani.

Kundi lililonishawishi ni la mipira na pomponi. Hizi ni dalia ambazo petali zake zimejikunja kwa ndani na kupangana kwa mzunguko kama sega la nyuki, hadi ua zima linakuwa duara. Kwa kipimo cha Uingereza pomponi, iliyo ndogo kuliko mpira, haipaswi kuzidi upana wa milimita 52, na waamuzi wa huko hulipitisha ua kwenye pete ili kuhakikisha. Udogo huo ndio faida yetu. Kikonyo hakielemewi, upepo haupati pa kushika, na petali zilizobanana hazichubuki kirahisi zikigusana ndani ya ndoo. Aidha, ua lenye petali nyingi zilizofumbana hivyo huchelewa kufunua kitovu, ingawa nalo halikingiki kabisa. Maua yanayotoka mwisho wa Agosti huanza kufunguka katikati, na hayo nayaacha bustanini.

Katika mipira, Jomanda ndiyo niliyoipa nafasi ya kwanza. Rangi yake ni ya chungwa iliyokolea, karibu na ya tofali, na joto la pwani haliipaushi sana. Maua yake hutoka ya ukubwa mmoja, jambo lenye uzito mkubwa kwa sababu katika maonyesho ya dalia maua hupangwa mara nyingi matatu au matano kwa chombo, na mwamuzi hutazama kwanza kama yanafanana. Cornel, nyekundu iliyoiva, ina kikonyo kigumu kuliko Jomanda na hukaa kwenye maji muda mrefu zaidi. Nimeiweka ya pili kwa sababu tu jua la mchana huunguza ncha za petali zake, na hulazimu kuitandia makuti kuanzia saa sita hadi alasiri. Anayeweza kuweka kivuli hicho na aipe nafasi ya kwanza bila wasiwasi.

Katika pomponi, Small World ni nyeupe na umbo lake ni safi, lakini weupe hauna huruma: kila tone la matope na kila alama ya kidole hugeuka kuwa doa la kahawia. Moor Place, yenye rangi ya zambarau iliyoiva, huficha alama hizo na kwa macho yangu ndiyo yenye umbo zuri kuliko zote nilizowahi kuzilima. Inahitaji usiku wa baridi. Mtwara mjini ilitoa maua machache na madogo, Newala ilijaa. Mkulima wa pomponi aangalie pia jambo moja linalopingana na mazoea ya dalia kubwa: asiondoe matumba ya pembeni kupita kiasi, wala asiupe mmea mbolea nyingi ya naitrojeni, kwa sababu ua litanenepa na kuvuka kipimo chake.

Lipo kundi la tatu ambalo wengi hulipuuza, nalo ni la dalia zenye kitovu wazi kwa asili. Kwa kuwa kitovu cha njano ni sehemu ya umbo lake, mchana mfupi hauwezi kuziharibu kwa namna unavyoharibu dalia za petali nyingi. Clair de Lune, ya njano nyepesi, ina safu moja ya petali pana na ndani yake ukosi wa petali fupi unaozunguka kitovu. Ni ua jepesi, linasimama vizuri, na Ngongo wageni waliliulizia kuliko maua mengine yote ya meza yetu. Bishop of Llandaff, iliyotoka Cardiff mwaka 1924, ina maua mekundu yenye petali chache juu ya majani meusi meusi, na majani hayo peke yake hupamba banda. Upungufu wa kundi hili ni muda: petali huanza kulegea mapema, kwa hiyo maua hukatwa karibu kabisa na siku ya maonyesho, yakiwa yamefunguka karibuni tu na duara la nje la kitovu ndilo kwanza linaanza kutoa chavua.

Kuhusu pakiti za mbegu sina mengi. Figaro huota haraka, hubaki fupi na hupendeza kwenye vyungu vya mlangoni, lakini hutoa rangi mchanganyiko, na kwa hiyo haifai chombo cha maua yanayofanana. Mnunuzi ajue pia kwamba dalia haizai mfano wake kwa mbegu. Anayeuziwa mbegu zilizoandikwa jina la Café au Lait au Jomanda anauziwa kitu kingine, kwa maana aina hizo huendelezwa kwa viazi au kwa vipandikizi vya shina peke yake.

Viazi vyangu nilivipata katika kitalu kimoja cha nyanda za juu, vikaletwa kwa basi. Vilifika vizima, vimefungwa ndani ya pumba kavu za mbao, na karibu vyote vilikuwa na jicho kwenye shingo, ambalo bila hilo kiazi hakichipui hata kikiwa kinene namna gani. Huduma hiyo ilikuwa nzuri. Kasoro yao ilikuwa lebo za karatasi zilizolowa na kufutika, hivyo aina mbili zikakaa bila jina hadi zilipochanua, na ua lisilo na jina lililothibitishwa halina nafasi katika onyesho makini. Ombi langu kwao ni kuandika jina kwa kalamu isiyofutika juu ya kiazi chenyewe. Anayetaka kuagiza kutoka nje ya nchi aanze na kibali cha kuingiza mimea cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kabla ya kulipa chochote.

Ugonjwa uliotusumbua ni ubwiri unga, kuvu unaoacha vumbi jeupe juu ya majani, jina ambalo kila mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi analifahamu, ingawa kuvu wa dalia si yule wa mkorosho. Salfa husaidia, ila ipulizwe jua likiwa limepoa na kabla matumba hayajafunguka, kwa sababu unga wake ukibaki kwenye petali hauondoki bila kuacha alama.

Kwa bustani ya pwani, basi, naagiza Jomanda, Cornel na Clair de Lune, zipandwe juu ya matuta katikati ya Aprili na kufungiwa fito mapema kabla kusi hakijashika kasi; Moor Place na Bishop of Llandaff naziacha Newala. Maua yakatwe alfajiri ya siku ya kuamkia maonyesho, yakiwa yamekwisha kufunguka, kwa kuwa tumba la dalia likikatwa halifunguki tena, yatumbukizwe kwenye ndoo za maji marefu kivulini hadi jioni, ndipo yasafirishwe usiku kwenda Lindi.