Mashine ya kung'oa fremu za paneli za sola: nimeitumia miezi saba, Mwanza

Wenzangu wa skrepa wamekuwa wakinipigia kuuliza kama hii mashine inalipa. Iko kwenye yadi yangu, Igoma, na imeshapitisha paneli zaidi ya elfu moja. Naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuagiza.

Ni ya Kichina, ya haidroliki, inataka umeme wa fezi tatu. Kazi yake ni mbili tu: kung'oa fremu ya alminiamu na kukwangua lile boksi la nyaya la mgongoni. Basi. Kuna mitambo inayokwenda mbali zaidi. Kule Japani kampuni ya NPC inatengeneza kisu cha moto, nyuzi joto 300 hivi, kinachopita kati ya kioo na seli, yaani vile vipande vinavyotoa umeme, hadi kioo kinatoka kizima. Ufaransa, kampuni ya ROSI wanapitisha paneli kwenye tanuri, plastiki inaondoka, kisha wanatoa silikoni na madini ya fedha. Uwezo wangu uliishia kwenye fremu, na hata hapo, bei, meli na ushuru vilinitoa hela ya Noah ya mtumba.

Kazi yenyewe naipenda. Unalaza paneli kifudifudi, unakanyaga pedali, vidole vya chuma vinashika zile pande mbili ndefu na kuvuta kwa pamoja. Unasikia gundi ya silikoni ikichanika, chwaaa, kama turubai. Kisha pande fupi. Dakika moja imekwisha, fremu imenyooka kama ilivyotoka kiwandani. Zamani vijana wangu wawili walikuwa na tindo na nyundo, dakika kumi kwa paneli moja, na kioo kikipasuka punje zake zinaruka kama chumvi. Mmoja wao alishonwa kiganja nyuzi sita. Tangu mashine ije hakuna aliyekatwa, na kwangu hilo peke yake limerudisha hela. Paneli ya wati 250 inanipa zaidi ya kilo mbili za alminiamu safi.

Kasoro sasa. Kuna fremu zilizofungwa skrubu kwenye kona. Mashine haijui hilo, inavuta tu. Wiki ya kwanza ilipinda kidole kimoja, kijana akaniita, "Bosi, hii inalia vibaya." Siku hizi kila paneli inakaguliwa kona zote nne kwanza. Oili sili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, ilipopasuka, muuzaji alinizungusha wiki tano. Mwishowe fundi wa Nyakato alitupachikia ya tipa, na ndiyo iko hadi leo. Kitabu cha maelekezo ni Kichina kitupu.

Lakini kubwa kuliko yote ni vipimo. Mashine hii imetengenezwa kwa paneli za mashamba makubwa ya sola. Upana chini ya sentimita 60 haishiki. Za minara ya simu na za mashuleni zinaingia vizuri. Ila mzigo unaoshuka kwenye feri kutoka Ukerewe na visiwa vingine ni wati 20, wati 50, wati 80, vipaneli vya juu ya bati la nyumba. Jana nimeshika kimoja kimeandikwa nyuma kwa rangi ya kucha, "cha mama, usiguse". Kati ya kumi zinazonifikia, sita ni za namna hiyo, na zote bado tunazifungua kwa mkono.

Usidanganywe pia kwamba ukinunua hii umerejeleza paneli. Kioo ndicho robo tatu ya uzito, nacho kinabaki kimegandana na seli. Mimi nimezipanga chini ya bati, sina mnunuzi. Nawaomba sana wenye yadi, msizichome ili kupata shaba. Plastiki ya mgongo ya paneli nyingi ina florini, moshi wake unaunguza mapafu, na lehemu ina madini ya risasi. Watoto wanacheza hapo hapo.

Jambo jingine, fanyeni kazi chini ya paa. Paneli chakavu ikipigwa na jua bado inatoa umeme, na kisu cha mashine kikikata nyaya za boksi zinatoa cheche. Sisi tunazifunika turubai tangu zinaposhushwa garini.

Kama mzigo wako ni wa minara na taasisi, nunua, na uagize oili sili za akiba siku hiyo hiyo. Kama ni wa majumbani, subiri. Nimemwomba mtengenezaji mikono mifupi ya vipaneli vidogo, akasema ataitengeneza wakipatikana wateja kumi. Mpaka sasa tuko watatu, mimi na wawili wa Shinyanga. Wa Bukoba, Kigoma na Musoma, mnasemaje?