Pakiti ya ORS na zinki: mwenye mtoto mdogo asikose nyumbani

Mwanangu hajafikisha miaka miwili. Alianza kutapika, kisha akaharisha maji matupu, kama wenzake wawili wa kituo cha kulelea watoto. Zahanati wakasema ni virusi, antibayotiki haina kazi hapo, wakatupatia pakiti hii: ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pamoja na vidonge vya zinki.

ORS yake ina ladha ya chungwa na mtoto hakuikataa. Nilimpa kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika nasubiri dakika kumi, naanza tena polepole. Sacheti moja ni ya lita nzima ya maji safi. Jamani, msiikoroge kwenye kikombe, chumvi inazidi na mtoto anaumia! Kidonge cha zinki kinayeyuka chenyewe kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama: miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi sita, siku 10 hadi 14 hata kama tumbo limetulia.

Kinachoniudhi ni maelezo: Kiingereza kitupu, herufi ndogo mno. Bibi anayebaki na mjukuu atasomaje?

Pakiti haizuii ugonjwa. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto wadogo, hukaa kwenye midoli na mikono ya anayebadilisha nepi, kwa hiyo sabuni ni lazima. Chanjo yake inatolewa bure Tanzania tangu 2013. Na mtoto akilegea, macho yakibonyea au asipokojoa, mkimbizeni hospitali. Bei ni nafuu, duka la dawa mtaani kwetu wanayo.